Mtani Hanuniwi

Nakumbuka Jumamosi moja ya mwaka jana, mwanangu, pale Bagamoyo, nilipomwona mzee wa watu mwenye ndevu nyeupe akipanda gari letu, akaketi kiti cha mbele, akajivika kofia ya mwanangu Masanja na kukataa katakata kushuka. Nilicheka mpaka kanga ikanidondoka begani. Masanja hakucheka. Na kwa kuwa Masanja hakucheka, nusura binti yangu Kabula akose mume.

Vuta kigoda ukae. Najua nyinyi vijana mnapenda mambo ya haraka haraka, lakini hili halina njia ya mkato.

Mimi ni Msukuma wa Kahama, hapa hapa Nyahanga, nauza mchele na karanga, na mdomo wangu unajulikana sokoni. Baba yake Masanja alikwisha kutangulia mbele ya haki, kwa hiyo kifungua mimba wangu ndiye aliyekalia kiti cha baba. Anaendesha yale malori ya mgodini huko Geita, malori ambayo gurudumu lake moja linamzidi mtu kimo. Mdogo wake, Kabula, ni mwalimu Dar es Salaam, na huko ndiko alikopata mchumba, Shabani, muuguzi, kijana mpole anayeongea kama anaogopa kumwamsha mtoto. Shabani ni Mzaramo, kwao ni Bagamoyo. La dini halikutusumbua, sisi ni Waislamu tangu enzi za babu yangu. Lilibaki jambo moja tu: Masanja akubali. Kwetu, binti haondoki vizuri nyumbani ikiwa kaka yake mkubwa amegeuza uso ukutani.

Masanja naye alipopata ofu yake, yaani mapumziko ya kazini, akapiga simu. "Mama, kukaa kwenye makochi ya watu na kunywa soda kwa adabu sitaki. Twende familia nzima, wikiendi Bagamoyo. Watoto waione bahari, tuone mambo ya kale, na mimi nimwone huyo kijana akiwa kwao." Ee, mwanangu, nilifurahi! Nimezaliwa kwenye vumbi, nimezeekea kwenye vumbi, maji mengi niliyowahi kuyaona ni ya Ziwa, na hayo yana ng'ambo. Nikasikia eti kuna maji yasiyo na ng'ambo. Nikafunga safari.

Tulishuka na basi mpaka Dar, mimi, Masanja, mkewe na wanawe wawili. Tukalala kwa Kabula. Jumamosi asubuhi Masanja akakodi gari, Noah, tukampakia na Kabula, tukaingia Bagamoyo jua likiwa bado pole. Hoteli yenyewe ilikuwa ufukweni kabisa. Wajukuu wangu waliruka garini hata kabla halijasimama, wakakimbilia maji na viatu vyao. Mji ule una nyumba za mawe ambazo kuta zake zimeanza kumomonyoka, lakini milango, weee! Imechongwa maua kila mahali. Nikamwambia mkwe wangu, "Hawa watu walikuwa na muda." Tukabadilisha nguo, tukaenda nyumbani kwa akina Shabani.

Hapo barazani ndipo tulipomkuta Babu Kibwana, babu yake Shabani. Nikapiga goti, "Shikamoo mzee."

"Shikamoo yako itue chini kwanza," akasema. "Mzigo uko wapi?"

Nikampa kikapu cha michembe. Michembe, kama umekulia mjini hujui, ni viazi vitamu tunavyokata vipande na kuvianika juani mpaka vikauke kau. Babu akatoa kipande kimoja, akakigonga ukutani, ko ko ko, halafu akapaza sauti kuelekea ndani. "Njooni muone! Wanyamwezi wametuletea kuni!"

Kwa watu wa pwani sisi sote tuliotoka upande ule ni Wanyamwezi tu, hawatuchambui. Nikajua papo hapo. Huyu ni mtani! Nikamjibu, "Zikoke basi upashe ngoma yako moto, Mzaramo wewe, maana kazi nyingine huijui!" Akacheka akapiga fimbo sakafuni. Tangu hapo mimi na yule mzee tukawa kama tumelelewa nyumba moja. Mzaramo na Msukuma ni watani, mwanangu. Mtani ana ruhusa ya kukuchukulia kitu chako, ya kukucheka mbele za watu, ya kukuita jina lolote, na wewe una ruhusa hiyo hiyo kwake. Kununa ndiko kusikoruhusiwa.

Nilidhani Masanja anajua. Mzazi hudhani mtoto analijua hata lile ambalo hajawahi kumwambia, sijui anadhani limepita kwenye maziwa! Nilimwona ametulia, amekunja mikono, nikasema moyoni, anajipanga huyo, atampa babu jibu la kumwangusha kitini. Kumbe mwenzangu anahesabu matusi.

Tukataka kwenda kutembezwa mjini. Ndipo Babu akanyakua kofia ya Masanja, kofia nyeusi mpya aliyoinunulia safari ile, akajivika na kupanda mbele. "Gari langu hili. Mpagazi wangu amenirudishia." Masanja akamwangalia, akawasha gari. Shabani alikuwa nyuma na sisi, anatabasamu, naye akidhani kila mtu anafurahi.

Tukafika kwenye ile nyumba ya zamani walikokuwa wakifikia wapagazi wa misafara, siku hizi ni makumbusho. Palikuwa na wageni wengi, na wanafunzi wa shule fulani na mwalimu wao. Babu akamshika Masanja mkono, akawageukia wale watu kama mnadi mali. "Mnakiona kifua hiki? Huyu ni mpagazi wangu! Babu yake alibeba pembe za ndovu toka kwao hadi hapa, akafika ulimi nje, babu yangu akamnywesha maji. Mpagazi, piga magoti ushukuru!"

Wanafunzi wakaangua kicheko. Mimi nilikuwa nimeshafungua mdomo nicheke nao, nikauona mshipa wa shingo ya Masanja umevimba.

Hapa lazima nikueleze kitu. Kabla hajapata hiyo kazi ya malori, Masanja alibeba viroba vya mawe kwenye maduara, yale mashimo ya wachimbaji wadogo. Alibeba mgongoni, mchana kutwa, akiwa kijana mdogo, ili Kabula asome. Kuna watu walikuwa wakimwita kwa miluzi kama punda. Mgongo wake mpaka leo una alama. Neno "mpagazi" halikumpata masikioni, lilimpata pale kwenye alama.

"Mzee," akasema, na sauti yake ilikuwa chini sana. "Tangu asubuhi nakuheshimu. Chakula cha mama yangu umekiita kuni, nimenyamaza. Kofia yangu umechukua, nimenyamaza. Sasa unanifanya punda mbele za watoto wa shule. Kwetu mkwe ni mtu wa kuinamishiwa macho, hata kula naye sahani moja tunaona haya. Nyinyi mnatukana wakwe. Posa yenu msiilete. Dada yangu haolewi nyumba hii."

Kabula akaweka kiganja mdomoni. Shabani akabaki amesimama, masikini, macho yanatoka kwa huyu yanakwenda kwa yule. Babu Kibwana akaivua ile kofia taratibu, akaikung'uta vumbi ambalo halikuwepo, akampa Masanja kwa mikono miwili. Kisha hakumwangalia Masanja, aliniangalia mimi.

"Mama," akaniambia, bila kicheko hata kidogo, "umri wote huu, mtoto hukumfundisha?"

Nina wajukuu, mwanangu. Nina mvi. Lakini nilikaripiwa pale nikajiona mtoto wa kike aliyemwaga maziwa. Na alikuwa na haki yote.

Tukarudi hotelini. Kabula akajifungia chumbani, nikamsikia akilia kule kulia kwa mtu anayeziba mdomo kwa mto. Mkwe wangu akawapeleka watoto ufukweni ili wasisikie. Masanja akaanza kupanga mabegi, anasokomeza nguo kama anazipiga. "Kesho asubuhi na mapema tunaondoka," akasema.

"Acha hizo nguo," nikamwambia. "Njoo ukae hapa barazani. Nina kitu nilipaswa kukuambia ukiwa bado unanyolewa kipara."

Nikamsimulia hivi. Nilipokuwa msichana mdogo, kijijini kwetu karibu na Kolandoto, baba yangu alifariki. Baba alikuwa akichechemea mguu mmoja, ng'ombe aliwahi kumkanyaga. Siku ya mazishi uani kwetu watu walikuwa wamelia mpaka wamekauka. Mama yangu alikaa amejiegemeza ukutani, haongei, hali, hata maji anayatema. Mara akatoka ndani mtu amevaa koti la baba! Alikuwa fundi cherehani Mzaramo, aliyehamia Shinyanga mjini zamani, rafiki wa baba. Akaanza kutembea uani akichechemea vile vile kama baba, mguu ule ule. Akaenda kukaa kwenye kiti cha baba, akakunja nne, akamwita mama yangu kwa ukali wa baba, "Ugali umefika wapi humu ndani? Au mnangoja nife ndiyo mpike?"

Mwanangu, damu ilinichemka. Nilichomoa mwiko kwenye sufuria ya ugali, wa moto, nikamchapa nao mgongoni. Koti la marehemu likapakaa ugali. Nikauinua tena. Bibi yangu, mama yake baba, akanishika kifundo cha mkono. Alikuwa kizee mdogo mkavu, lakini alinishika kama kamba ya kufungia ndama. Hakunipiga. Akanivuta mpaka mbele ya yule fundi, akamwambia, "Fungua viganja."

Yule mtu akafungua. Vilikuwa vimechubuka, malengelenge yamepasuka, udongo umeingia kwenye vidonda.

"Huyu ni mshona nguo," bibi akaniambia. "Jembe halijui. Lakini tangu alfajiri kaburi la mwanangu amechimba yeye, amewakataza watu wengine. Sasa mtazame mama yako."

Nikamtazama mama. Mama yangu alikuwa anacheka. Machozi yanamtiririka na anacheka, anamwelekezea yule fundi kidole, anasema, "Siyo hivyo, mguu anauvuta zaidi." Halafu akaomba uji, akanywa. Bibi akanitomasa kifuani kwa kidole chake kikavu. "Ndugu analia na wewe. Mtani anakuja kukutoa kwenye kilio. Ukimpiga mtani umempiga mtu anayekubebea msiba. Usimnunie tena maishani mwako."

Masanja alisikiliza bila kunikatiza. Nilipomaliza akauliza swali moja tu, "Mama, kwa nini hukuniambia?"

Nikasema, "Nilisahau kwamba hukuzaliwa unajua. Na wewe mbona hukuniuliza, kabla ya kuvunja uchumba wa mwenzio?"

Akainuka, akaenda kutembea ufukweni peke yake, suruali ameikunja, akawa anakwenda na kurudi. Mimi nikaenda kumgongea Kabula, nikamwambia ale, maana mtu mzima halii na njaa, anachagua moja.

Jumapili asubuhi mabegi yalikuwa garini. Kabula alipanda macho yamevimba. Lakini Masanja alipofika njia panda hakushika barabara ya Dar, alikata kwenda kwa akina Babu. Nilianza kusali kimoyomoyo, maana mwanangu namjua, akikaa kimya hivyo anaweza kuomba radhi au anaweza kubomoa mlango.

Babu alikuwa barazani anakunywa uji na maandazi. Masanja akashuka, akavuka ua, hakutoa salamu. Akasimama mbele ya mzee, mrefu kama mlango, akasema kwa sauti ya kusikika nyumba ya tatu, "Mzigo wangu uko wapi?"

Babu akashusha bakuli. "Mzigo gani?"

"Mpagazi gani anarudi kwao mikono mitupu? Nitachekwa Kahama nzima." Akachuchumaa, akamgeuzia mgongo, akamvuta yule mzee mikono, akamtupia mgongoni kama kiroba na kuinuka naye! Nilipiga yowe. Babu Kibwana akawa juu huko, ndala moja imeanguka, anapunga fimbo hewani. "Jamani nisaidieni! Mnyamwezi ananiiba!"

"Nyamaza, mzigo hausemi!"

"Sitaki kwenda kwenu! Kwenu kuna ugali tu!"

"Utakula zile kuni ulizozisema!"

Watu wakatoka majumbani. Mama yake Shabani alitoka na unga mikononi, akaona baba mkwe wake yuko mgongoni kwa mtu, badala ya kuogopa akapiga kigelegele. Wanawake wa jirani wakadakia. Masanja akazunguka naye ua mzima, wajukuu wangu wanakimbia nyuma wanapiga makofi, mpaka kwenye gari, akamzungusha tena, akamrudisha barazani na kumkalisha polepole kama anaweka yai. Yule mzee alikuwa anacheka hana pumzi, anapangusa macho kwa kanzu. Masanja naye alikuwa anacheka na analia, mwanangu, dume zima, mbele za watu. Nilimwona mwanangu akilibeba neno lile kwa hiari yake, na halikumwelemea tena.

Babu akamshika mkono. "Mjukuu wangu, nilikuwa na pupa. Posa yetu ikishapokelewa kwenu, wewe unakuwa mkwe wa nyumba hii, na mkwe hata sisi tunamheshimu. Nikajiambia, nina wikiendi hii moja tu ya kumtania kijana huyu nishibe. Sikujua una kidonda. Ungeniambia, ningekutania pengine." Kisha akapunguza sauti, lakini sote tulimsikia. "Na usidhani utani ulianza kwa kicheko. Wapo wapagazi waliofika hapa hoi wakafa, hawana ndugu hata mmoja. Wazee wetu ndio waliowaosha, na ndio waliowazika. Na wetu waliofia huko kwenu, mliwazika nyinyi. Watu mkishazikana, hamna tena cha kuoneana haya. Mnabaki kuchekana."

Masanja akamwita Kabula ashuke garini. Akamwita na Shabani. Akamwambia Shabani, kwa ukali wa baba yake kabisa, "Wazee wako waje Kahama. Na waje na meno yao yote, nyama ipo." Kabula akamrukia shingoni. Mimi nilikaa chini pale pale mchangani kwa furaha.

Mchana ule hatukuondoka. Tulishuka baharini wote, nyumba zote mbili, na sufuria ya wali wa nazi na samaki wa kukaanga. Niliingia majini na kitenge changu, wimbi likanipiga nikaketi bila kupenda, nikayameza. Chumvi tupu! Babu Kibwana akaniuliza kutoka ufukweni kama nimeonja mboga imekolea. Nikamwambia alete ugali. Hata leo nikikumbuka nacheka peke yangu dukani, wateja wanadhani nimechanganyikiwa.

Sasa nisikilize, mwanangu. Utatembea, maana siku hizi vijana mnatembea, na utafika kwa watu ambao desturi yao si yako. Neno likikuchoma, lishike kwanza mkononi uliulize, "Wewe, kwenu unamaanisha nini?" Kuuliza si ujinga. Ujinga ni kuvunja nyumba ya dada yako kwa jambo ambalo mama yako angelieleza kwa kikombe kimoja cha chai. Na wewe uliyekwisha kuzaa, usijikaushe kama hayakuhusu: mfundishe mwanao nani ni mtani wake kabla hajatoka mlangoni, kwani mwacha mila mtumwa, na asiyefundishwa mila hakuiacha, alinyimwa. Ukimtania mtu ukaona macho yake yamebadilika, simama, kuna kidonda hapo, tafuta pengine pa kucheka. Na ukiwa na kidonda, kiseme. Watu hawaoni mgongo wako ndani ya shati.

Wabeja, asante sana, mwanangu, kwa kunisikiliza. Mungu akufungulie njia na milango ya watu. Akupe ndugu wa kulia na wewe, na akupe watani wa kukucheka ungali hai, wenye mikono isiyoogopa jembe siku yako itakapofika. Amina.